Mkate, Zeituni na Samaki wa Chumvi: Chakula cha Kila Siku cha Wareno

Mlo wa jadi wa Wareno unategemea vitu vichache: mkate, mafuta ya zeituni, mboga za majani, samaki, divai na nyama kidogo ya nguruwe. Ni chakula cha wakulima na wavuvi ambao kwa karne nyingi walijua njaa ni nini, wakajifunza kuhifadhi walichopata na kutotupa hata ukoko wa mkate.

Asubuhi watu hunywa kahawa ya maziwa kwa mkate wa siagi. Chakula cha mchana huliwa saa saba hivi, na cha jioni yapata saa mbili usiku. Milo yote miwili kwa desturi huanza kwa supu. Supu inayopendwa zaidi ni caldo verde, asili yake Minho, kaskazini mwa nchi. Viazi mbatata huchemshwa pamoja na vitunguu, vikapondwa hadi mchuzi uwe mzito. Kisha majani ya jamii moja na sukuma wiki hukatwakatwa membamba sana na kutiwa dakika za mwisho, yabaki na rangi yake. Juu hutiwa mafuta ya zeituni na kipande cha chouriço, soseji iliyokaushwa kwa moshi.

Mkate hubadilika kulingana na ardhi. Kaskazini kwenye mvua nyingi huokwa broa, mkate mzito wenye unga wa mahindi, zao lililotoka Amerika na kuota mizizi Ureno tangu karne ya 16. Kusini, katika nyanda kavu za Alentejo, ngano ndiyo inayotawala. Huko mkate uliokauka hupikiwa açorda: kitunguu saumu, giligilani na chumvi hutwangwa pamoja, hutiwa mafuta ya zeituni na maji ya moto, kisha vipande vya mkate na yai. Kwa mkate wa juzi, familia maskini ilishiba.

Samaki anayeheshimiwa kuliko wote, bacalhau, hapatikani katika maji ya Ureno. Ni samaki wa bahari za baridi anayepasuliwa, kutiwa chumvi na kukaushwa, kama ng'onda wa pwani yetu. Wareno walianza kumfuata hadi Newfoundland, Kanada, yapata miaka 500 iliyopita. Leo wengi huletwa kutoka Norwei na Aisilandi. Kanisa Katoliki lilipokataza nyama siku za mfungo, samaki asiyeoza haraka alikuwa msaada mkubwa, hata kwa vijiji vya mbali na bahari. Kabla ya kupikwa hulowekwa siku moja au mbili, maji yakibadilishwa mara kwa mara. Mkesha wa Krismasi familia nyingi humla amechemshwa kwa viazi na kabichi. Mwezi Juni ni zamu ya sardini wabichi: kwenye sikukuu ya Mtakatifu Antoni huchomwa kwa mkaa katika mitaa ya Lisbon na kuwekwa juu ya kipande cha mkate kinachofyonza mafuta yao.

Vijijini, nguruwe alichinjwa majira ya baridi kwa msaada wa majirani. Paja lilikaushwa kwa chumvi, nyama ikawa soseji, na damu nayo haikuachwa. Soseji iitwayo alheira, ya nyama ya kuku na mkate, inasimuliwa kuwa ilibuniwa na Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa mwaka 1497, ili waonekane wanakula nguruwe kama wenzao.

Vitamu vingi vya Ureno, vyenye viini vya mayai na sukari, vilizaliwa kwenye nyumba za watawa. Nyumba za watawa wa kiume zilipofungwa mwaka 1834, mapishi yakatoka nje. Pastéis de Belém, vikeki vya kastadi vinavyookwa karibu na monasteri ya Jerónimos, vimeuzwa tangu 1837.

Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza Ureno, pamoja na nchi nyingine za ukanda wa Mediterania, katika orodha ya urithi wa ulaji wa eneo hilo, na mji wa Tavira ukaiwakilisha. Heshima hiyo ni haki ya watu wa kawaida walioupika mlo huu kwa vichache walivyokuwa navyo.