Muhogo Uliowahishwa

Mwanamke analala mzima. Asubuhi anainuka, miguu inakataa: imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havigusi chini. Ukimfinya paja anasikia vizuri. Lakini kutembea kama jana hatatembea tena.

Huo ni ugonjwa wa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo; kwa Kiyaka jina lenyewe ni miguu iliyofungwa. Huharibu njia za neva zinazotoka ubongoni na kushuka na uti wa mgongo. Mwaka 1981 uliwapata watu zaidi ya 1,100 Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985, ukame ulipobana, ukaonekana Tarime, Tanzania. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Si ajabu watu wakashuku uchawi.

Chanzo ni muhogo mchungu. Au tuseme chanzo ni haraka, maana bibi zetu waliula miaka nenda rudi. Ndani ya muhogo mna linamarini, na kando yake kimeng'enya ambacho hakikutani nayo mpaka muhogo upondeke au ulainike. Vikikutana hutoka sianidi, na sianidi ni gesi, huruka. Ndiyo maana ya kuuvundika siku kadhaa. Njaa ikibisha hodi, siku tatu nne zinakuwa moja, sumu inabaki ungani. Mwili huizima kwa salfa ya kwenye samaki, maharage na nyama, yaani vile vile visivyoonekana jikoni wakati wa njaa. Kwa nini sumu hii huiandama miguu hasa, wanasayansi bado hawajafumbua.

Mwaka 2006 Howard Bradbury wa Australia alieleza njia ya kuiondoa sumu ungani isiyohitaji hata kuni. Tia unga kwenye beseni, weka alama ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka kwanza, kisha utapanda, ukirudi kwenye alama, maji yametosha. Utandaze jamvini, unene usifike sentimeta moja, uukalishe juani kwa muda wa saa mbili, au tano kivulini. Kimeng'enya kilichosalia kinamalizia kazi, gesi inaenda zake. Upike siku hiyohiyo.

Kina mama wa kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka, Kongo, walifundishwa hivyo. Kwa miezi 18 hakupatikana mgonjwa mpya, na ugali wenyewe, walisema, uchungu ulikwisha. Waliolemaa kabla ya hapo walibaki na ulemavu wao.