Likizo ya theluji New Zealand: chagua mji kabla ya kuchagua mlima

Familia nyingi zinazoishi Australia huanza kupanga safari ya kuteleza thelujini kwa kutazama picha za milima. Nchini New Zealand, hata hivyo, mahali pa kulala, barabara ya kupanda na hati za kusafiria ndivyo vinavyoamua kama likizo itafaulu.

Mambo muhimu
• Viwanja vingi vya kuteleza New Zealand havina malazi mlimani. Wageni hulala mjini na kupanda kila asubuhi.
• Mji ulio karibu na viwanja zaidi ya kimoja hupunguza hasara hali ya hewa inapochafuka.
• Masharti ya kuingia New Zealand na ya kurejea Australia hutofautiana kulingana na uraia na aina ya viza.

Kuanzia Juni hadi mapema Oktoba, ndege zinazotoka Sydney, Melbourne na Brisbane huwapeleka wapenzi wa theluji hadi Queenstown, safari ya takriban saa tatu angani. Kwa wakazi wengi wa Australia, hiyo ni desturi ya miaka mingi. Kwa familia zilizotoka Goma, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, theluji ilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mbali, kileleni mwa Kilimanjaro au Rwenzori. Leo watoto wao husoma na wenzao wanaorudi kutoka likizo na habari za kuteleza, nao huuliza zamu yao itafika lini. Gharama si ndogo, na akiba ya mwaka mzima inaweza kupotea kwa uamuzi mmoja uliofanywa kwa haraka.

Kitanda bondeni, theluji mlimani

Aliyewahi kwenda Thredbo au Falls Creek, nchini Australia, amezoea kulala hatua chache kutoka kwenye theluji. New Zealand ni tofauti. Isipokuwa sehemu chache kama Cardrona, ambako kuna vyumba vichache mlimani, mgeni hulala katika mji ulioko bondeni na kupanda kwa gari au basi. Vipo pia viwanja vya vilabu, kama Broken River na Craigieburn katika eneo la Canterbury, vyenye mabweni mlimani. Hata hivyo, huko watu huvutwa juu kwa kamba inayohitaji mazoea na nguvu za mikono. Si mahali pa mtu anayevaa mbao za kuteleza kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mji upi unafaa.

Queenstown una viwanja viwili vya karibu: Coronet Peak, kama nusu saa kwa gari, na The Remarkables, kama dakika 40. Mabasi huenda huko kutoka mjini, na asiyetaka kuteleza ana ziwa, maduka na matembezi ya kumtosha. Ubaya wake ni bei, hasa wiki za likizo ya shule mwezi Julai.

Wānaka ni mji mtulivu zaidi, upande wa pili wa milima. Uko kati ya Cardrona, ambayo ina miteremko mipana inayowafaa wanaoanza, na Treble Cone, ambayo miteremko yake mikali huwafaa zaidi wazoefu. Anayetoka uwanja wa ndege wa Queenstown kwenda Wānaka kwa njia fupi hupita barabara ya Crown Range, inayopanda zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari na kuganda barafu wakati wa baridi.

Methven, mji mdogo ulio kwa gari mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Christchurch, ndio lango la Mt Hutt. Theluji yake husifiwa, lakini upepo mkali hukifunga kiwanja mara kwa mara, hata wenyeji wamelibadilisha jina la mlima huo kwa utani liwe na maana ya mlima uliofungwa. Anayefika huko kwa siku mbili tu anabahatisha.

Katika kisiwa cha kaskazini kuna Ruapehu, mlima wa volkano hai wenye urefu wa meta 2,797. Una viwanja viwili vikubwa: Whakapapa, na Tūroa ulio juu ya mji wa Ohakune. Milipuko ya mwaka 1995 na 1996 ilivuruga misimu ya kuteleza. Mwezi Oktoba 2022, kampuni iliyoviendesha viwanja vyote viwili iliwekwa chini ya wasimamizi kutokana na madeni, na sasa kila kiwanja kina mwendeshaji wake. Hoteli maarufu ya Chateau Tongariro, iliyo chini ya Whakapapa, ilifunga milango yake mwezi Februari 2023. Hivyo ushauri wa rafiki aliyefika huko miaka kumi iliyopita huenda haufai tena.

Barabara ni sehemu ya malazi

Bei ya chumba haisemi yote. Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali na kituo cha basi humlazimisha mgeni kukodi gari. Njia nyingi za kupanda viwanjani ni nyembamba, zina kona kali, na baadhi hazina lami wala kingo za kuzuia gari lisiporomoke. Madereva huweza kutakiwa kubeba cheni za matairi na kuzifunga wanapoamriwa. Baadhi ya mikataba ya magari ya kukodi haitoi bima katika barabara fulani. Ni vyema kuusoma mkataba kabla ya kuutia saini. Kwa asiyewahi kuendesha kwenye barafu, chumba kilicho karibu na basi kinaweza kuwa nafuu zaidi, hata kama bei yake ni ya juu.

Kabla ya kulipa, msafiri anapaswa kuuliza mambo manne: je, kuna joto la kutosha ndani, je, kuna chumba cha kukaushia nguo na viatu, je, kuna jiko, na je, fedha hurudishwa safari ikivunjika? Familia yenye watoto watatu au wanne huokoa kiasi kikubwa ikijipikia. Septemba nayo, nje ya likizo za shule, mara nyingi huwa na bei ya chini, ingawa theluji huanza kulainika.

Hati za kila mmoja

Katika nyumba moja baba anaweza kuwa raia wa Australia, mama mkazi wa kudumu, na shangazi mwanafunzi. Mpakani, hao ni wasafiri wa aina tatu.

Raia wa Australia huingia New Zealand bila kuomba viza. Mkazi wa kudumu anapaswa kupata idhini ya kielektroniki iitwayo NZeTA kabla ya kusafiri, nayo inaweza kuchukua hadi saa 72. Mwenye viza ya muda anayetumia pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya mgeni. Anayetumia hati ya kusafiria ya mkimbizi athibitishe na idara ya uhamiaji ya New Zealand kabla ya kununua tiketi.

Kurejea nako kuna masharti. Ruhusa ya kusafiri ndani ya viza ya kudumu ya Australia kwa kawaida hudumu miaka 5. Ikiisha, mkazi huhitaji viza ya kurejea. Aliye na viza ya mpito ya aina ya A akiondoka Australia, haitamrudisha; anapaswa kwanza kupata ya aina ya B.

Mizigo, afya na siku ya kwanza

Chakula chochote hutangazwa mpakani, iwe dagaa, nyama kavu au viungo. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini ya papo hapo ya dola 400 za New Zealand. Viatu vichafu vya nje navyo hutangazwa.

Mfumo wa taifa wa fidia ya ajali, ACC, huchangia matibabu ya mgeni aliyeumia. Haugharamii ugonjwa, usafiri wa kumrudisha nyumbani wala malazi yaliyopotea. Bima ya safari inahitajika, tena ile inayotaja wazi kwamba kuteleza thelujini kumo.

Anayeanza hana haja ya kununua vifaa. Mbao, viatu na nguo zisizopenya maji hukodishwa, na viwanja vingi huuza kwa pamoja somo, vifaa na tiketi ya eneo la wanaoanza. Nguo za pamba hulowa na kumgandisha mvaaji. Za sufu hufaa zaidi. Jua linaloakisiwa na theluji huunguza ngozi ya kila rangi na kuumiza macho, hivyo miwani na mafuta ya kukinga jua si anasa.

Siku ambayo mlima umefungwa inaweza kuja hata kwa aliyepanga vyema. Aliyechagua mji wenye kiwanja cha pili, jiko la joto na jambo jingine la kuwafurahisha watoto hatakuwa ameipoteza siku hiyo.