Maniema ya kusini: Tunacheza wimbo, lakini unasema nini?

Ku arusi za Kasongo ao Kabambare, rumba ya Kilingala ikianza tu, hata wazee wanasimama. Lakini uliza wanaocheza: huu wimbo unasema nini? Wengi watacheka, waendelee kucheza. Siku hizi kuna video na podikasti zinazofungua nyimbo. Zinachukua wimbo moja, zinatafsiri maneno, zinaeleza nani aliimba, mwaka gani na kwa sababu gani. Watu wanazipakua wakati rezo iko muzuri, kisha wanapeana ku Bluetooth ao ku karte ya telefone. Tuangalie zinatusaidia nini, na wapi tujichunge.

Wimbo "Kasongo" ni wa mji wetu?

Hapana. Watu wengi wa hapa walifurahi kusikia jina la Kasongo likiimbwa kila mahali ku TikTok mwishoni mwa mwaka 2024. Kumbe Kasongo wa mule ndani ni mwanaume. Bibi yake anamulilia, anamuomba arudi nyumbani, kwa sababu amemuacha. Jina Kasongo ni la kawaida kwetu na kwa Waluba, ndiyo maana linatudanganya.

Walioimba ni Orchestra Super Mazembe, wanamuziki wa Congo waliopita Zambia, kisha wakakaa Nairobi mu miaka ya 1970. Waliimba kwa Kilingala, na Wakenya wakaupenda bila kusikia maneno yote, kama sisi. Miaka karibu 50 imepita, vijana wa Kenya wakaufufua, na wapinzani wa Rais William Ruto wakamubandika jina "Kasongo". Kilio cha bibi kwa bwana wake kikageuka maneno ya siasa. Mtu asiyeelezwa historia hiyo hawezi kujua kwa nini watu wa Nairobi wanacheka.

Kwa nini tunahitaji mtu wa kutueleza?

Sababu ni historia ya luga. Kiswahili kilifika Kasongo na misafara ya biashara ya karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, kutoka upande wa Zanzibar. Kilingala kilipita njia ingine: mto Congo, jeshi la Force Publique, na baadaye muziki wa Kinshasa. Kwa hiyo hapa kwetu mtoto anajua sauti ya Kilingala mbele ya kujua maana yake.

Chukua "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Ni kisa cha kijana aliyesoma, ana diploma, lakini anakaa kwa mama mwenye pesa anayemupita umri, anamulisha na kumuvalisha. Mama mwenyewe anachoka, ugomvi unaingia mu nyumba. Wimbo ulisikika mbali sana: mpaka leo mu Tanzania kijana anayelishwa na mwanamke wanamuita "marioo". Mzazi anayejua maana hiyo anaweza kukaa na mtoto wake na kuongea juu ya kazi na heshima. Asiyejua anasikia magita tu.

Ao "Indépendance Cha Cha" ya Joseph Kabasele na African Jazz. Ilizaliwa Bruxelles mwanzoni mwa 1960, wakati viongozi wetu walikuwa ku Table Ronde wakiomba uhuru. Ndani yake kuna majina ya watu: Lumumba, Kasavubu, Tshombe, Kalonji. Kuna majina ya vyama pia. Kwa wakati ule ilikuwa kama habari za redio zenye kuimbwa. Leo mwalimu anaweza kuitumia kufundisha historia, mstari kwa mstari.

Mambo matatu ya kusikiliza

La kwanza, kisa. Mara nyingi kinakuwa mwanzoni, wakati muziki unaenda polepole.

La pili, seben. Hapo gita zinashika mbio na watu wanacheza. Anayepiga kelele za kuchezesha anaitwa atalaku, kazi iliyojulikana sana tangu miaka ya 1980 na Zaïko Langa Langa.

La tatu, mabanga. Libanga kwa Kilingala ni jiwe. Mwanamuziki "anatupa mabanga" akitaja majina ya wafanya biashara, wakubwa ao rafiki, na mara nyingi majina hayo yamelipiwa. Ukisikia jina la mtu mu wimbo, usifikiri haraka kama ni shujaa. Pengine alilipa tu.

Tujichunge na nini?

Si kila anayeeleza anajua. Kuna anayesikia neno moja la Kilingala, anajaza mengine kwa kichwa chake. Hatari inakuwa kubwa mtu akisema wimbo fulani unatukana kabila fulani, na sauti yake ikizunguka ku WhatsApp. Mu jimbo letu maneno ya namna hiyo yanaweza kuleta vita kati ya majirani. Mbele ya kuituma kwa wengine, tafuta watu wawili wanaojua Kilingala vizuri, kila mtu peke yake. Wakikutafsiria tofauti, ngoja kwanza. Angalia pia kama anayeeleza anataja mwaka na jina la mutunzi, ao anasema tu "wanasema".

Na nyimbo zetu je?

Hapa ndipo pa kuumiza roho. Kwa Franco utapata maelezo mengi. Tafuta maelezo ya wimbo wa Kibangubangu wa Kabambare ao wa Kizimba wa Kasongo, wa kilio, wa kulima ao wa kubembeleza mtoto: hautapata kitu. Maneno yake yako mu vichwa vya mama zetu na babu zetu, na kila kilio kinaondoka na mengine.

Tangu Desemba 2021, UNESCO inahesabu rumba ya Congo kama urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nyimbo za vijiji hazitangoje cheo hicho. Telefone ile ile unayoangalizia video inaweza kurekodi. Kaa na bibi yako, muombe aimbe polepole, kisha muulize: neno hili maana yake nini? Waliimba lini? Nani alikufundisha? Andika jina lake na la kijiji, na umuombe ruhusa mbele ya kuisikilizisha watu wengine.

Ukifanya hivyo, na wewe umeanza kueleza wimbo.