Unaenda Vakansi: Nani Atabaki na Kuku?



Kila mwaka mwezi wa saba ukifika, tunafunga makayee, tunapanga mizigo, na wengi wetu tunatoka Lubumbashi. Mmoja anaenda Likasi kwa mjomba, mwingine Kasenga kwa nkambo, mwingine mbali zaidi. Nguo zinaingia katika sanduku, lakini kuku haziingii. Zinabaki katika parseli. Na kuku hazina vakansi. Kila asubuhi zinataka maji, kila magaribi zinataka mulango ufungwe, na kila usiku adui zao wanatembea.

Labda mtu atacheka: «Kuku tu! Kuna nini ya kuandika?» Asicheke. Katika nyumba nyingi kuku njo minervali, njo dawa ya mutoto, njo chakula ya mugeni. Tena nataka kuonyesha kwamba kuku iliyoachwa bila mapatano inaweza kuharibu hata urafiki. Mimi mwenyewe ilinipata.

Nilipokuwa mwaka wa tatu nilikuwa na kuku tisa na jogoo mmoja. Zote zilitoka kwa kuku moja tu ambayo nkambo alinipa. Wakati wa Noeli tulipata habari ya kilio Kasenga, na mama akasema tutaondoka asubuhi. Usiku ule niliita rafiki yangu wa parseli ya pili, juu ya lupango: «Ndugu, utaniangalilia kuku?» Akajibu: «Hakuna neno, muende na amani.» Basi, ikaisha hapo. Sikumwambia ziko ngapi. Sikumwachia chakula. Na ufunguo wa kufuli ya nyumba ya kuku niliutia katika mufuko wangu, nikaenda nao Kasenga.

Siku ya kwanza alipokuja, alikuta mulango umefungwa. Alitupa mahindi na kusukuma maji katikati ya mbao. Kila siku alifanya vile. Mimi niliporudi nyuma ya majuma mawili nilikuta kuku nne, na ubao mumoja wa nyumba umevunjwa. Sikuuliza kitu. Nilisimama katika avenyu nikapiga makelele kwamba jirani ni mwizi. Mama yake akasikia, na mama yangu akasikia. Tangu siku ile wale mama wawili hawakusalimiana kwenye bomba ya maji.

Siku tano zikapita. Muzee mumoja wa avenyu yetu akaniita, akanipeleka nyuma ya nyumba ya jirani, akanionyesha mahali palipochimbwa. Akasema: «Mutoto, uliangalia ubao, lakini chini haukuangalia.» Kumbe usiku mumoja wa mvua siafu ziliingia katika nyumba ya kuku. Kuku zikalia, lakini hazikuweza kutoka kwa sababu ya kufuli yangu. Rafiki yangu aliamka, akakosa ufunguo, akavunja ubao kwa shoka, siafu zikimuuma miguu. Aliokoa nne. Zingine alizizika. Ule ubao ambao niliuita alama ya mwizi, ulikuwa alama ya mutu aliyenisaidia.

Nilikosa mambo mawili: kuku sita, na uso wa kumwangalia rafiki. Katika muhula wa pili nilirudishwa nyumbani siku kadhaa kwa sababu ya minervali. Lakini ile haikuniumiza sana kama lile jambo la pili. Njo maana naandika. Haya ndiyo mambo ya kutengeneza mbele ya safari.

1. Kuchagua mutu. Tafuta mutu wa karibu, anayeweza kusikia kuku zikilia usiku. Usiachie mutoto mudogo peke yake. Anaweza kuleta maji, lakini siku ya hatari atashindwa. Uliza tena kama kwake kuku zinakufwa. Ikiwa ndiyo, shukuru na utafute mwingine, kwa maana ugonjwa unaweza kutembea kwa viatu, kwa mikono, na kwa chombo cha chakula.

2. Chanjo. Ugonjwa mubaya kuliko yote unaitwa Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Watu wa veterinere wanauita pia pseudo-peste. Kuku inapumua kwa shida, inaharisha majani kibichi, shingo inapindika, mabawa yanalegea. Dawa ya kuuponyesha hakuna. Kuna chanjo tu, na nyingine ni tone moja katika jicho. Lakini kinga haianzi siku ile ile: hesabu majuma mawili hivi. Kwa hiyo anayeondoka mwanzo wa mwezi wa saba aone veterinere katikati ya mwezi wa sita, wala si siku ya kufunga mizigo. Chanjo ya tone inarudishwa kila miezi mitatu au mine. Na usinunue kuku mpya karibu na safari. Kuku mpya inawekwa pembeni majuma mawili kwanza, ili uone kama iko nzima.

3. Kuhesabu mbele ya mutu wa tatu. Simameni watatu: wewe, mulinzi, na mukubwa mumoja. Hesabuni. Andika katika kayee: mitetea mingapi, majogoo mangapi, watoto wangapi, rangi yao. Si kwa sababu humwamini rafiki. Ni kwa kumlinda yeye. Hesabu iliyoandikwa inafunga kinywa cha mwenye hasira, na mwenye hasira anaweza kuwa wewe.

4. Chakula na maji. Usiseme «atajua mwenyewe». Kuku kubwa inayofungwa siku nzima inakula karibu gramu 120 kwa siku. Kuku 10 zinakula kilo 1 na gramu 200 kwa siku; kwa siku 14 ni karibu kilo 17. Zile zinazotembea katika parseli zinajitafutia sehemu yake: majani, wadudu, mabaki ya bukari. Mwenye kichuguu karibu amwonyeshe mulinzi mahali pa kuvunja, maana mchwa ni chakula kizuri cha watoto wa kuku. Acha mahindi na pumba mahali pakavu, kwa maana mahindi yenye ukungu yanaleta sumu. Pima kwa kopo moja, umwachie lile kopo: «Moja asubuhi, moja magaribi.» Maji ni lita 2 mpaka 3 kwa kuku 10, na zaidi wakati wa joto la mwezi wa tisa na wa kumi. Yabadilishwe kila asubuhi. Tia jiwe safi katikati ya beseni ili kuku zisiipindue.

Wengine wanadanganyika hapa. Wanajaza mahindi, wanajaza maji, wanafunga mulango, wanasema: «Siku nne tu, zitajitegemea.» Siku ya kwanza kuku zinatawanya chakula. Siku ya pili maji yana mavi ndani. Na kitu kibaya kikiingia usiku, hakuna wa kufungua.

5. Ufunguo. Ufunguo ubaki kwa mulinzi. Hili ni fupi lakini mimi nililipia kuku sita. Leo wengi wetu tuna simu, na ni vema kuacha namba. Lakini simu haifungui kufuli. Kabla ya kuondoka ziba matundu ambamo paka ya pori inapita, fyeka majani kuzunguka nyumba ya kuku, na mwonyeshe mulinzi mahali majivu yalipo. Akiona musitari wa siafu unakuja, asipoteze wakati: afungue, atoe kuku zote, kisha apigane na siafu.

6. Mayai na kuku inayolalia. Kuku inalalia siku 21. Kama kuna inayolalia, andika tarehe ilipoanza, na utie alama ya makaa juu ya mayai yake. Yai lisilo na alama limetagwa nyuma na kuku nyingine, mulinzi aliondoe. Asihamishe kiota bila sababu. Watoto wakitoka, wabaki na mama yao. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Lubumbashi ni wa baridi.

7. Mushahara wa mulinzi. Msiagane kwa «hakuna neno». Semeni wazi. Kwa safari fupi, mayai ya zile siku yanaweza kuwa yake. Kwa vakansi kubwa, mpe mutetea mumoja mudogo, au mgawe watoto watakaozaliwa, sawa na wakubwa wetu ambao waliweka mbuzi kwa mwenzao na kugawa uzao. Mutu aliye na sehemu yake ndani ya nyumba ya kuku anaamka upesi akisikia makelele.

8. Ikiwa moja inakufwa. Patana mbele. Mulinzi aite yule mukubwa aliyehesabu pamoja nanyi, aone kwa macho, waandike katika kayee. Kuku iliyokufwa kwa ugonjwa izikwe kwa shimo refu ao ichomwe. Isitupwe kwa majalala, wala isipelekwe sokoni. Zikianza kuugua nyingi, watu wanauza upesi zile zinazosimama bado, na hivi wanapeleka ugonjwa kwa mwingine.

Ikiwa kweli mutu wa kulinda hakuna, ni afazali kuuza majogoo na kuku zilizozeeka mbele ya kuondoka, na kupeleka mitetea michache kwa ndugu. Huko zifungwe siku mbili tatu, peke yao, zizoee kulala pale. La sivyo zitapotea au kupigana na za mwenyeji.

Na ukirudi? Usianze kwa kuhesabu. Anza kwa kusalimia. Uliza: «Mulikaa namna gani?» Sikiliza habari yote. Kisha hesabuni pamoja, kayee ikiwa mkononi.

Mimi nilirudi kwa yule rafiki na kuku moja kati ya zile nne. Alikataa kwanza. Mama yake akasema: «Ipokee, mutoto, ili maneno yaishe.» Sasa niko mwaka wa tano. Yeye akienda safari, mimi ninabaki na zake; mimi nikienda, yeye anabaki na zangu. Kayee yetu ina majina mawili juu yake. Mwaka jana alipoteza mutetea mumoja mikononi mwangu, kwa mwewe, saa sita ya muchana. Nilimwita muzee, tukaandika. Rafiki aliporudi alisoma ule musitari, akasema tu: «Mwewe hana minervali ya kulipa,» tukacheka.

Basi ndugu, vakansi inakaribia. Mbele ya kutafuta nafasi ndani ya motokari, mutafute mulinzi wa kuku. Na ufunguo, tafadhali, usiuweke katika mufuko.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano