Soja wa ruta yenu ana orodha gani mkononi?

Kama wewe ndiye kijana wa nyumba, basi upende usipende, wewe pia ndiye fundi wa mtandao. Waifai ikisumbua, linaloitwa ni jina lako. Runinga ikigoma kuonyesha video, unaulizwa wewe. Lakini hebu jiulize: tangu ruta hiyo ifungwe ukutani, kuna aliyewahi kuifungua akaona nani anaruhusiwa kupita na nani anazuiwa?

Kwa wengi wetu jibu ni hapana. Tulipewa nywila ya waifai, tukaanza kuperuzi, kwisha.

Ndani ya ruta kuna programu iitwayo fayawoli. Ichukulie kama soja wa langoni kwenye ploti. Kila pakiti ya data inayopita huulizwa: unatoka wapi, unaenda wapi, unapitia mlango upi? Milango hii ni nambari tu. Tovuti salama hupitia mlango wa 443. Telnet, huduma ya zamani ya kuamrisha kifaa ukiwa mbali, hupitia 23.

Usicheze na huo wa 23. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikibisha mlango huo kwenye kamera na ruta za watu, huku ikijaribu nywila za kiwandani zaidi ya 60. Vifaa vilivyofunguka viligeuzwa jeshi. Oktoba 21 mwaka huo, jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, na huduma kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera wengi hawakujua lolote. Waliounda Mirai walikuwa vijana watatu Wamarekani, na walikiri makosa mahakamani mwaka 2017.

Kwa hivyo anza na rahisi. Kwenye simu au kipakatalishi, andika anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au usome kibandiko kilicho chini yake. Badilisha nywila ya msimamizi. Hii si ile ya waifai. Ni ya kuingia kwenye mipangilio. Kisha zima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba.

Sasa tuje kwa kanuni zenyewe. Ruta nyingi zenye orodha ya kanuni huisoma kutoka juu kwenda chini. Kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayoamua, na zilizo chini yake hazisomwi tena. Hapo ndipo wengi huteleza.

Tuseme mna kamera ya kuangalia mlango, na hamtaki itume picha nje ya nyumba. Kwanza iwekee anwani isiyobadilika, mathalan 192.168.1.20, la sivyo kesho itakuwa na anwani nyingine na kanuni yako itamkaba mwingine. Halafu panga hivi:

1. Kataa 192.168.1.20 kwenda intaneti.
2. Ruhusu vifaa vingine vya nyumbani kwenda intaneti.
3. Kataa kila kinachotoka nje bila kuitwa.

Geuza ya kwanza na ya pili uone noma. Soja atasoma "ruhusu vifaa vya nyumbani", ataona kamera ni ya nyumbani, ataipungia mkono ipite. Kanuni ya kuizuia ipo, imeandikwa vizuri, lakini haifanyi kazi hata kidogo. Kibaya zaidi, hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonya. Utalala ukidhani umefunga.

Kanuni ya tatu haitakukatia video wala ujumbe. Ukiomba ukurasa, fayawoli hukumbuka kwamba ni wewe uliyeomba, na jibu likirudi linapita. Anayezuiwa ni yule anayebisha bila kualikwa.

Jua pia gharama yake. Kamera iliyozuiwa hivyo huenda isionekane tena kwenye simu ya mzazi akiwa kazini. Muulize kabla hujafunga, usije ukamlinda hadi akakukasirikia.

Ukimaliza, jaribu kila kanuni. Je, kamera bado inatuma picha ukiwa nje na bando lako? Basi kanuni haijashika. Na kabla ya kubonyeza chochote, hifadhi nakala ya mipangilio ya sasa. Kuna wanaoweka "kataa yote" juu kabisa, halafu wanajifungia nje ya ruta yao wenyewe. Ikifika hapo, dawa ni kile kitufe kidogo cha kurejesha hali ya kiwandani, na hicho hufuta kila kitu, pamoja na nywila mpya na mipangilio ya kampuni ya intaneti.

Ruta yako haina sehemu ya kanuni? Usijali. Nyingi zina mtandao wa wageni. Weka kamera, runinga na mabeshte wanaopita huko, ili vikae mbali na kipakatalishi chenye kazi zako na simu ya mama yenye pesa zake.

Jioni ya leo, chukua dakika ishirini. Soma orodha ya soja wako kutoka juu hadi chini, na kwa kila mstari jiulize: nani aliuweka hapa, na kwa nini? Ukikuta usioweza kuueleza, anzia hapo.