Mtoto hajasema neno, lakini anajibu

RUSIZI — Alfajiri, kabla akina mama wa Kamembe hawajavuka mto kwenda kuuza bidhaa Bukavu, mtoto hufungwa mgongoni kwa kitenge na safari huanza. Kwa mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa, mgongo huo ni joto na usalama. Kasoro yake ni moja: mama haoni uso wa mwanawe, na usoni ndiko mtoto huyo anakozungumzia.

Ubongo huweza kuumia mtoto akichelewa kupumua, akipata maambukizi makali, au umanjano wa siku za kwanza ukizidi bila tiba. Mwaka 1862, daktari William John Little wa London alihusisha uzazi mgumu na kukakamaa kwa viungo, hali ambayo leo huitwa mtindio wa ubongo. Ulimi na midomo nayo ni misuli. Ubongo ulioshindwa kuongoza mkono unaweza kushindwa kuongoza ulimi, huku mtoto akielewa mengi anayoambiwa.

Hapo ndipo watu wazima hukosea. Mama anasogeza kikombe cha uji. Mtoto, kwa furaha, anajinyoosha ghafla na kichwa kinarudi nyuma. Kikombe kinaondolewa: “Hataki.” Kumbe alitaka. Jambo hilo likijirudia kila siku, mtoto huacha kujaribu, na majirani humsifu kwamba ni mtulivu.

Dawa ya kuanzia haina bei. Mtoto akalishwe, kichwa na mgongo vikiegemezwa vizuri, mama akiwa mbele yake, macho kwa macho. Aonyeshwe vitu viwili, kikombe upande huu na mpira upande ule, aulizwe anachotaka. Kisha mama anyamaze na kusubiri, hata ahesabu hadi kumi kimoyomoyo, maana mwili wa mtoto huyu huchelewa kutii. (Kusubiri ndiko kugumu, hasa soko likiwa linaita.) Akitazama kikombe, apewe kikombe saa hiyohiyo na kitajwe jina, kwa Kinyarwanda, Kiswahili au lugha yoyote ya nyumbani.

Huko Kilifi, Kenya, watafiti Karen Bunning na Joseph Gona na wenzao waliwafuata walezi majumbani na kuwafundisha njia za namna hii. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, walezi walieleza kuona mabadiliko katika mawasiliano ya watoto wao.

Aliyepata umanjano mkali apimwe pia masikio, kwani ugonjwa huo huweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia akadhaniwa haelewi. Mzazi aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Rufaa ya kwenda hospitali za wilaya, Gihundwe au Mibilizi, huanzia hapo. Asingoje mtoto afikishe miaka mitatu ili kuona kama atasema.