Windows na Matoleo Yake: Lipi Lilistahili Sifa, Lipi Lilionewa?

Wazee wetu walituachia usia kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo ulikusudiwa mambo ya nyumbani na ya unyumba, lakini siku hizi nausikia ukitajwa mahali ambapo wazee hao hawakupata hata kupaota, yaani katika maduka ya kompyuta. Mteja huambiwa mashine yake itiwe toleo jipya la Windows, naye hujibu kwamba toleo alilo nalo limemfaa miaka na mikaka, basi kwa nini alitupe? Pembeni hukaa kijana anayeapa kwa Mola wake kwamba toleo hilo jipya ni balaa tupu, na mwenzake anayeapa kinyume chake. Ubishi huo umepamba moto zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10.

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima matoleo hayo moja baada ya jingine, na kuuliza kama sifa na lawama tulizoyapa zilitolewa kwa haki. Maana jina baya, ndugu msomaji, likishamganda mtu haliondoki hata kwa maji ya bahari yote. Na kwa maoni yangu, kompyuta nazo zimepatwa na hayo hayo.

Kwa faida ya wale wasioishughulikia sana mitambo hii, nitasema kwamba kompyuta ni kama jahazi, na mfumo endeshi, kama vile Windows, ndio nahodha wake. Programu ya kuandikia barua, ya kufanyia hesabu na ya kutazamia picha, zote ni abiria tu. Nahodha ndiye anayegawa nafasi, anayeamua nani atangulie na nani angoje, na anayesema na makasia na tanga, yaani printa, kioo na kibodi. Nahodha akiwa mbovu, hata jahazi la mbao za mvule halifiki bandarini salama.

NASABA MBILI

Windows ya kwanza ilitolewa Novemba 1985, na watu wengi hawakuishughulikia. Ni toleo la 3.0 la mwaka 1990, na nduguye 3.1 la mwaka 1992, yaliyoanza kuingia maofisini kwa wingi. Kisha, tarehe 24 Agosti 1995, ikaja Windows 95, ambayo ilileta kitufe cha Start na ule mstari wa chini ya kioo tunaoutumia hadi leo. Windows 98 ikafuata Juni 1998. Miezi miwili kabla ya kutolewa kwake, Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani huko Chicago ikionyeshwa hadharani. Msaidizi wake alipochomeka skana, mashine ikazimia na kutoa kioo cha buluu mbele ya halaiki ya watu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Jambo ambalo wabishi wetu hulisahau ni kwamba wakati huo Windows ilikuwa na nasaba mbili. Nasaba ya kwanza ilijengwa juu ya msingi mkongwe wa DOS, na 95, 98 na Windows ME ya Septemba 2000 zote ni watoto wake. Nasaba ya pili ni ile ya NT, iliyoanza mwaka 1993 chini ya usimamizi wa fundi mmoja hodari, Dave Cutler, aliyetoka kampuni ya Digital. Hiyo ilikusudiwa mabenki na maofisi makubwa, nayo ilisifika kwa uthabiti. Programu moja ikianguka, haikuziangusha na nyingine. Windows 2000 ilitoka katika nasaba hiyo.

Windows ME, basi, ilikuwa kitinda mimba wa ukoo uliochoka. Iliganda, ilizima, ilipoteza kazi za watu, na jina lake likawa mfano wa ubaya. Hapo sina la kuitetea. Lakini mwezi Oktoba 2001 Microsoft iliuacha ule msingi wa kale na kuwapa watu wa majumbani nasaba ya NT kwa jina la Windows XP. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

XP HAIKUZALIWA NA SIFA

Ukimuuliza fundi yeyote wa makamo akutajie toleo bora, wengi watakutajia XP bila ya kufikiri mara mbili. Nami nakubali kwamba ilikuwa imara. Hata hivyo, napenda kuwakumbusha wasomaji kwamba XP ya mwaka 2001 haikupokewa kwa vigelegele. Watu waliyacheka marangi yake, wakakasirishwa na utaratibu mpya wa kuithibitisha kwa Microsoft ili waweze kuendelea kuitumia, na kulalamika kwamba ilitaka kumbukumbu ya megabaiti 128 ili iende vizuri wakati mashine nyingi zilikuwa na nusu ya hiyo. Baya zaidi, Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani kote na kuzizima mashine za XP zenyewe kwa zenyewe.

Ni baada ya marekebisho makubwa ya Agosti 2004, yaliyowasha kinga ya mtandao bila ya mtu kuombwa, ndipo XP ilipokuwa ile tunayoililia. Isitoshe, Microsoft ilichelewa mno kuleta mrithi wake. Kwa zaidi ya miaka mitano XP ilikaa peke yake sokoni, mashine zikazidi nguvu huku mfumo ukibaki ule ule. Mtu akinunua kompyuta mpya mwaka 2006 aliiona XP ikienda kama upepo wa kusi. Je, sifa hizo ni za nahodha peke yake, au na za jahazi jipya?

VISTA NA KISA CHA JINA

Tarehe 30 Januari 2007 Vista iliingia madukani, nayo ikatukanwa tangu siku ya kwanza. Lawama nyingine zilikuwa za haki kabisa. Ilitaka kumbukumbu ya gigabaiti moja ili iende vizuri, na mashine nyingi zilizobandikwa kibandiko cha kuistahili hazikuiweza, hata jambo hilo likafikishwa mahakamani huko Marekani. Mpango wa kuunganisha mitambo ulikuwa umebadilishwa, na printa na skana nyingi zikagoma. Kila ukitaka kufanya jambo kubwa ilikuuliza: Una hakika? Una ruhusa? Watu wakachoka.

Lakini tazama lililotukia mwaka 2008. Microsoft iliwakusanya watu walioichukia Vista, ikawaonyesha mfumo mpya ulioitwa Mojave. Wengi wakausifu. Kisha wakaambiwa kwamba walichokuwa wakikisifu ni Vista yenyewe! Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba wale watu walionyeshwa mashine nzuri na mtaalamu, wala hawakuachiwa wapambane na printa zao kuukuu za nyumbani. Hata hivyo kisa hicho kinatufunza jinsi jina linavyoweza kumtangulia mtu mlangoni na kumfungia.

Kwetu sisi watu wa pwani kuna jambo jingine ambalo silisikii likitajwa. Katika XP ya Kiingereza, mtu aliyetaka kuandika kwa herufi za Kiarabu ilimbidi aingie ndani ya mipangilio, aombe zitiwe lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mara nyingi aitafute ile diski iliyokuja na mfumo. Asiyekuwa na diski alishindwa. Vista ilikuja na uwezo huo ndani yake tayari, na kila toleo lililoifuata limekuwa hivyo. Kwa hivyo mwalimu wa madrasa anayetayarisha karatasi ya mtihani, nusu Kiswahili na nusu Kiarabu, au mtu anayenakili utenzi wa kale wa hati za Kiarabu ili usipotee, anatumia wepesi ambao kwanza uliletwa na toleo lililotukanwa kuliko yote. Mwenye kutenda jamala hashukuriwi daima.

Ikaja Windows 7 tarehe 22 Oktoba 2009, na dunia ikashangilia. Nathubutu kusema kwamba 7 ilivuna shamba lililolimwa na Vista. Hata hesabu ya ndani ya Microsoft inashuhudia, maana Vista ni toleo la 6.0, na 7 ni 6.1 tu. Ilirekebishwa, ikapunguziwa maswali yake, na haikutaka kumbukumbu zaidi ya ile gigabaiti moja. Lakini kubwa ni kwamba katika miaka ile mitatu watengenezaji wa printa walikwisha kutengeneza programu zinazohitajiwa, na mashine madukani zilikwisha kupata nguvu. Mmoja alipigwa mawe njiani, mwenzake akapita njia ile ile akitupiwa maua.

KANUNI YA BARAZANI

Barazani watu wana kanuni yao, kwamba likitoka toleo zuri moja hufuatwa na baya moja. Watakuhesabia vidoleni: 98 nzuri, ME mbaya, XP nzuri, Vista mbaya, 7 nzuri, 8 mbaya, 10 nzuri. Kanuni hiyo inapendeza masikioni, lakini ili itimie lazima uifiche Windows 2000, uisahau XP ya miaka yake mitatu ya kwanza, na ujifanye kwamba 98 haikuzimia mbele ya Bill Gates.

Mimi naona kanuni nyingine. Toleo linalobeba mageuzi makubwa ndilo linalobeba matusi, na lile linalokuja baadaye kusawazisha ndilo linalopewa heshima. Windows 8, iliyotolewa tarehe 26 Oktoba 2012, ni ushahidi, ingawa yenyewe ilijitakia. Kwa ndani ilikuwa nyepesi na iliwaka upesi kuliko 7. Lakini wenyewe walitaka kompyuta ya mezani ifanane na simu ya kugusa, wakakiondoa kitufe cha Start ambacho watu walikizoea kwa miaka 17. Mtu alifungua mashine yake mwenyewe akawa kama mgeni asiyejua mlango wa kutokea. Mwaka uliofuata, katika 8.1, kitufe kikarudishwa, lakini jina lilikwisha haribika.

Windows 10 ya tarehe 29 Julai 2015 iliruka nambari 9 na ikatolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye 7 na 8.1. Ilisifika, ingawa nayo ilikuwa na tabia ya kujiletea marekebisho bila ya idhini, jambo lililowaumiza wale wanaolipia mtandao kwa kipimo.

LILILO MBELE YETU

Sasa tumefika kwenye Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021. Lawama yake kubwa haihusu uzuri wala wepesi. Inataka mashine iwe na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inazikubali chipu za kizazi cha nane na kuendelea pamoja na chache tu za nyuma yake. Hiyo ni kusema kwamba mashine nzima, yenye kumbukumbu ya kutosha, hukataliwa mlangoni kwa sababu ya umri. Katika mji kama wetu, ambako ofisi nyingi ndogo, vibanda vya kupiga chapa na madrasa hutegemea kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, jambo hilo ni zito. Hapo ndipo ubishi wa sifa unapoacha kuwa porojo na kuwa hesabu ya fedha.

Nimewasikia wasemao, basi tubaki na 10 hivyo hivyo, maana ni nzuri. Ndugu zangu, uzuri wa jina si kinga. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifungia kompyuta za mahospitali ya Uingereza, hata wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Sehemu kubwa kabisa ya mashine zilizonaswa duniani zilikuwa za Windows 7, ile kipenzi cha watu. Dawa yake ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, lakini wenyewe hawakuitia.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Mashine isiyounganishwa na mtandao, ya kuandikia na kuchapa tu, inaweza kuendelea na kazi yake, ila mtu aangalie vijidiski anavyochomeka. Mashine inayobeba hesabu za watu, siri za wagonjwa au fedha za msikiti, haifai kuachwa bila ya ulinzi. Microsoft yenyewe ilitangaza nafasi ya mwaka mmoja zaidi wa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo kuna mifumo ya Linux, isiyouzwa, ambayo huendesha mashine kongwe bila ya taabu. Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya kigeni kwetu, kwani mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki katika kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya maofisini iliyozungumza Kiswahili. Windows nayo imepewa sura ya Kiswahili, nasi wenye lugha ndio wa kwanza kuipuuza.

Dini yetu imetuamuru tuichunguze habari kabla ya kuisadiki, tusije tukawadhulumu watu kwa kutojua. Sidhani kama kuna dhambi katika kuidhulumu Vista. Lakini mzoea kuhukumu chombo kwa uvumi, kesho atamhukumu jirani kwa uvumi. Na anayechagua nahodha kwa sifa za barazani, asimlaumu mtu jahazi likimpanda mwamba.